Mdomo wa Kuazima

Juni 2025 tulikuwa watano kwenye baraza ya hosteli, tumeinamia simu moja, tukimtazama Trent Alexander-Arnold akitambulishwa Real Madrid. Kijana wa Liverpool, aliyelelewa na klabu ya mji wake tangu utotoni, alisimama kwenye jukwaa akaanza kuzungumza Kihispania. Tulitegemea salamu mbili tatu, kisha Kiingereza. Akaendelea na Kihispania. Rafiki yangu mmoja, ambaye ameishabikia Madrid tangu darasa la tatu, akajipiga kofi kwenye goti: "Huyu keshamaliza kazi. Lugha anayo, atakaa."

Wote tulikubali. Mimi nilikuwa na sababu zaidi ya kukubali, maana nasoma shahada ya umahiri katika tafsiri na ukalimani, na nimeiweka miaka yangu miwili rehani kwa imani kwamba lugha ndiyo ufunguo wa kila mlango. Lakini usiku ule sikupata usingizi mapema. Kauli ya "lugha anayo" ilinirudisha kwenye kisima kimoja mkoani Dodoma, na kwenye jambo nililolifanya pale ambalo sijawahi kuliandika. Nitalifikia. Kwanza mpira.

Hadithi ya Mwingereza anayehamia klabu ya Hispania (na Kiswahili chetu humwita Mwingereza hata mtu wa Wales, ambaye angesikia angenuna) husimuliwa kwa njia moja. Anafika kwa shangwe. Jua ni kali, chakula cha jioni kinaliwa saa nne usiku, chumba cha kubadilishia nguo kimejaa utani asiouelewa. Akijifunza lugha, anafaulu. Asipojifunza, anarudi kwao. Wachambuzi wa televisheni wanaisimulia hivyo, wachezaji wanaisimulia hivyo wakistaafu, na sisi kwenye vibanda umiza tunaipokea nzima nzima.

Mfano unaopendwa ni wa mwaka 1986, Barcelona ilipowachukua washambuliaji wawili kwa mpigo: Gary Lineker kutoka Everton na Mark Hughes kutoka Manchester United. Lineker akajifunza Kihispania, akaifunga Real Madrid mabao 3 katika mechi moja Januari 1987, akakaa miaka 3. Hughes, aliyekuwa na miaka 22, hakuzoea, na mwaka uliofuata akapelekwa Bayern Munich kwa mkopo. Somo limekwisha: jifunze lugha.

Sisemi hadithi hii ni ya uongo. Kasoro yake ni kwamba inaihesabu lugha kama begi la safari, ama umebeba ama umelisahau nyumbani. Haiulizi swali ambalo sisi wakalimani tunaulizwa siku ya kwanza darasani: hapa nani anazungumza?

Tuanze na kofia.

Fred Pentland alikuwa mchezaji wa zamani wa timu ya taifa ya Uingereza. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alikuwa Ujerumani kikazi, akafungiwa katika kambi ya Ruhleben, karibu na Berlin, pamoja na Waingereza wenzake. Baada ya vita alikwenda Hispania, kwanza Santander, kisha Bilbao. Hakuwa Mwingereza wa kwanza kufika na mpira. Mchezo wenyewe uliingia nchini humo kwa mikono ya Waingereza wa migodini na bandarini. Ndiyo maana klabu ya Huelva, kongwe kuliko zote, ilizaliwa mwaka 1889 miongoni mwa Waingereza wa migodi ya Rio Tinto, na ndiyo maana klabu ya Bilbao inaitwa Athletic, kwa tahajia ya Kiingereza hadi leo. Enzi hizo Mwingereza alifika Hispania kama mwalimu. Mchezaji wa Hispania bado humwita kocha wake "míster", hata kama kocha huyo ni Mhispania aliyezaliwa mtaa wa pili. Sisi mchezaji wetu akihojiwa husema "mwalimu ametuelekeza". Wao husema "bwana" ametuelekeza, tena kwa Kiingereza.

Pentland alivaa kofia nyeusi ngumu ya duara, ile ya mabwana wa London katika filamu za zamani, na watu wa Bilbao wakampa jina la kofia hiyo: El Bombín. Aliwafundisha Athletic kucheza pasi fupi za chini. Chini yake walichukua ubingwa wa ligi mwaka 1930 na 1931, na Kombe la Hispania mara 4 mfululizo, 1930 hadi 1933. Februari 1931 waliifunga Barcelona mabao 12 kwa 1. Lakini kinachosimuliwa kwa raha zaidi ni hiki: timu ikishinda mechi kubwa, wachezaji walimpokonya mwalimu kofia yake wakaikanyaga mpaka ikawa chapati. Ikabidi anunue nyingine. Wakashinda tena, wakaikanyaga tena.

Nimelifikiria sana tendo hilo. Kofia ile ilikuwa Uingereza yake yote, heshima yake, umri wake, nchi iliyompa kazi ya kufundisha wengine. Vijana wa Kibaski wanaikanyaga mbele ya mwenye nayo, naye anawaacha. Wazee wetu wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nadhani kofia iliyokanyagwa ndiyo lilikuwa jembe la Pentland. Huwezi kuikanyaga kofia ya mtu ambaye kati yake na wewe amesimama mtu wa tatu. Mwaka 1959 klabu ilimwalika arudi San Mamés, ikacheza na Chelsea kwa heshima yake. Alikuwa mzee, na miaka 3 baadaye alifariki.

Sasa ruka mpaka mwaka 1996. Bobby Robson anafika Barcelona akiwa kocha mwenye jina, na pembeni yake yupo Mreno aliyeanza kumkalimania Lisbon na kumfuata Porto, José Mourinho. Katika msimu huo mmoja walichukua Kombe la Mfalme, Kombe la Washindi la Ulaya na Super Cup ya Hispania, huku Ronaldo wa Brazil akifunga anavyotaka. Ligi waliikosa kwa pointi 2. Kwa kanuni ya hadithi yetu, mzee anayemtegemea mkalimani alipaswa kuanguka. Alibeba vikombe 3 huku akisaidiwa na mdomo wa mtu mwingine.

Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 1997 Barcelona ilimleta Louis van Gaal, na Robson akapewa cheo cha ofisini, mbali na uwanja wa mazoezi. Mourinho hakuondoka naye. Alibaki kama msaidizi wa van Gaal hadi mwaka 2000. Mdomo ulibaki, mwenye maneno akawekwa kando. Na tangu hapo inasimuliwa kwamba mkalimani yule hakuishia kutafsiri, kwamba alikuwa akiongeza yake, akinyoosha hapa, akifafanua pale. Miaka mingi baadaye, alipokuwa kocha wa mahasimu, mashabiki wa Barcelona walimkejeli kwa kumwita "mtafsiri".

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilifurahi, kama mtu aliyesikia ndugu yake katajwa redioni. Kisha furaha ikakatika, kwa sababu najua mkalimani anavyoongeza yake. Nimewahi kufanya hivyo.

Baada ya shahada ya kwanza nilipata kibarua katika mradi mmoja wa maji. Kazi yangu ilikuwa kumkalimania fundi wa pampu, Mzungu, mtu hodari sana wa kazi na asiye na subira hata kidogo. Kijiji kilikuwa na kisima kirefu kimoja, chenye pampu ya mkono. Siku ya mwisho wa mafunzo tulikaa kwenye kivuli cha ofisi ya kijiji, kamati ya maji mbele, watu nyuma. Fundi akasimama. Akasema kwa Kiingereza kwamba tangu afike hajaona hata shilingi moja ya matengenezo ikichangwa. Akasema kwa mwendo huo vipuri vitakwisha na pampu itakuwa chuma chakavu kabla ya miaka miwili, na hilo likitokea wasimlaumu mtu yeyote isipokuwa wao wenyewe. Alisema akiwatazama usoni, mmoja mmoja.

Nami nikasema: "Mgeni wetu anawashukuru sana kwa ushirikiano. Anawaomba, mkijaaliwa, muwe mnachanga kidogo kidogo ili pampu yetu idumu."

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja wa kamati akaenda nyumbani akarudi na kuku. Fundi akampokea kuku huku akitabasamu, akiamini amewakaripia nao wamekiri kosa. Yule mama akanivuta pembeni: "Mgeni wenu mpole jamani." Nikaona nimefanya kazi nzuri. Nilikuwa nimewakinga wazee na fedheha, nikamkinga mgeni na hasira zao. Nilichelewa sana kuelewa kwamba siku ile hakuna aliyekutana na mwenzake. Wote walikutana na mimi.

Kwa hiyo siku hizi nikisoma habari za Waingereza wa Hispania sitafuti aliyekuwa na lugha safi. Natafuta aliyesema mwenyewe.

Anayenivutia kuliko wote ni John Toshack, mtu wa Wales. Alichukua Kombe la Mfalme akiwa na Real Sociedad mwaka 1987, kisha akaipa Real Madrid ubingwa wa msimu wa 1989/90 kwa mabao 107, yakiwemo 38 ya Hugo Sánchez. Alijifunza Kihispania, lakini alikizungumza kwa namna yake. Alichukua misemo ya kwao akaitafsiri neno kwa neno, kosa ambalo mwalimu wangu wa nadharia za tafsiri angelizungushia kalamu nyekundu. Novemba 1999, akiwa Madrid kwa mara ya pili, aliwasema makipa wake hadharani, na uongozi ukamtaka ayafute maneno yake. Akajibu kwamba ni rahisi zaidi kumwona nguruwe akiruka juu ya uwanja wa Bernabéu kuliko yeye kuyafuta. Akafukuzwa.

Ukiuliza matokeo tu, utasema mdomo wake ulimponza, na ni kweli. Mkalimani mwenye busara angemwokoa. Angesema, "Kocha anasikitika kama kauli yake ilieleweka vibaya," na mzee angelala na kazi yake. Lakini nguruwe yule mpaka leo anaruka katika kumbukumbu za soka la Hispania, na kila anayemkumbuka anajua hasa Toshack alikuwa mtu wa namna gani. Real Sociedad ilimwajiri mara 3 katika vipindi tofauti. Mtu humrudia yule anayemjua, hata kama anajua pia kero zake.

Upande wa pili yupo Gareth Bale, naye wa Wales. Alikuwa mali ya Madrid kwa miaka 9, 2013 hadi 2022. Alichukua Ligi ya Mabingwa mara 5. Bao lake la tikitaka dhidi ya Liverpool katika fainali ya Kyiv mwaka 2018 tuliliigiza uwanjani kwetu mpaka mtu akateguka bega. Na bado mashabiki wake wenyewe walimzomea. Kwa miaka hiyo yote hatukumsikia Bale akijieleza kwa Kihispania mbele ya watu, na ukimya hauachwi mtupu, lazima mtu aujaze. Magazeti ya Madrid yakawa mkalimani wake, na mkalimani wa aina hiyo hatii asali kama nilivyotia mimi. Novemba 2019 alipopigwa picha na wenzake nyuma ya bendera iliyotaja Wales kwanza, gofu pili na Madrid mwisho, ule ukawa ndio usemi wake uliosikika kuliko yote. Pengine ulikuwa utani. Lakini hapakuwa na maneno mengine yake ya kuupima nao.

Najua pingamizi litakaloletwa hapa, na jina lake ni Gary Neville. Neville alijitahidi. Alipochukua Valencia Desemba 2015 alianza masomo ya Kihispania, na mdogo wake Phil alikuwa ametangulia kwenye benchi hilohilo. Haikusaidia. Katika mechi 16 za ligi alishinda 3. Februari 2016 Barcelona iliwafunga 7 kwa 0 katika nusu fainali ya Kombe la Mfalme, na kabla Machi haijaisha alikuwa ameondolewa. Haki inanitaka niseme kwamba timu aliikuta tayari inayumba, kwamba hakuwahi kuwa kocha mkuu wa klabu yoyote, na kwamba aliyemwita ni mmiliki Peter Lim, mshirika wake katika klabu ya Salford City. Lugha peke yake haikumwangusha.

Hata hivyo fikiria ni nini kilichompa Neville jina baada ya kustaafu. Ni mdomo. Kwenye televisheni ya Uingereza alikuwa mchambuzi ambaye hata sisi tusiompenda tulinyamaza kumsikiliza, kwa sababu sentensi yake ilifika kabla picha haijapoa. Kisha akaenda kufanya kazi mahali ambapo kipaji hichohicho kilipaswa kubebwa na mtu mwingine, sentensi kwa sentensi, mchezo ukiwa umeshasonga. Miezi 4 ya masomo inaweza kukupa vitenzi. Utani, hasira na pole huchelewa zaidi. Nimemcheka Neville kama wote walivyomcheka, halafu nikakumbuka kwamba mimi pia ni mhakiki: nasoma kazi za wengine na kuzitoa kasoro, na uwanjani nimeingia mara moja, pale Dodoma.

Wapo waliosema bila maneno. Laurie Cunningham, kijana mweusi wa London mwenye wazazi kutoka Jamaika, alikuwa Mwingereza wa kwanza kununuliwa na Real Madrid, mwaka 1979, akitokea West Bromwich Albion. Msimu uleule Madrid ilikwenda Camp Nou ikashinda 2 kwa 0, na mashabiki wa Barcelona wakampigia makofi winga wa adui. Miguu haina mkalimani. Lakini miguu huumia, na yake iliumia mapema. Alizunguka klabu nyingi, akarudi Madrid kuichezea Rayo Vallecano, na Julai 1989 akafa katika jiji hilo kwa ajali ya gari, akiwa na miaka 33.

Na yupo Michael Robinson, ambaye hadithi yetu ya kawaida haina pa kumweka. Mzaliwa wa Leicester, mchezaji wa timu ya taifa ya Ireland, alihamia Osasuna ya Pamplona mwaka 1987 akiwa mshambuliaji wa kawaida, si nyota. Miaka 2 baadaye akastaafu. Ilikuwa zamu yake kurudi kwao. Akabaki, akaingia kwenye televisheni ya Hispania, akazungumzia mpira kwa takribani miaka 30, kwa Kihispania ambacho lafudhi ya Kiingereza haikukitoka hata siku moja. Alipofariki Aprili 2020, Wahispania wakiwa wamefungiwa majumbani kwa korona, walimlilia kama mtu wao. Kikombe cha Hispania hakuwa nacho hata kimoja. Alichokuwa nacho ni sauti ambayo hakuna aliyeisema kwa niaba yake.

Kwa hiyo nabishana na rafiki yangu wa baraza, ingawa naipenda hotuba ile ya Alexander-Arnold. Hotuba iliyofanyiwa mazoezi ni kofia nzuri kichwani. Bado hatujui kama ataruhusu ikanyagwe. Tutajua siku atakapokosea, akahojiwa dakika 10 baada ya mechi, jasho halijakauka, na kanuni za vitenzi zikamkimbia. Akijibu mwenyewe, vibaya, kwa makosa, Madrid itaanza kumjua.

Desemba iliyopita nilirudi kile kijiji. Hakuna aliyenituma. Pampu imesimama palepale, mpini wake umeng'oka na kufungwa kwa waya, na akina mama wanachota maji korongoni. Nilimkuta yule mama wa kamati anapepeta uwele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe si ulikuja na yule mgeni mpole?"

Nikakaa chini. Nikamweleza alichosema mgeni siku ile, sentensi kwa sentensi, jinsi alivyosema, bila kutia asali. Alisikiliza huku ungo umetulia mikononi. Nilipomaliza alikaa kimya mpaka nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Ungetuambia vile, tungegombana naye palepale," alisema. "Wazee wangemfukuza. Halafu jioni tungechanga, kwa hasira tu, tumwonyeshe."

Akarudia kupepeta. Makapi yakaruka. Kisha akauliza kama aliyekumbuka kitu:

"Na yule kuku wangu, alimla?"

Nikamwambia ndiyo. Tulimla pamoja, mimi na yeye, usiku uleule.